Kushona bila Meno

Shosho akitaka kukuona vizuri, alikupa mgongo. Aligeukia meza ya kukatia, akashika makasi, na wewe ukabaki nyuma yake na cherehani yako ukidhani umepata nafasi ya kupumua. Kumbe hapo ndipo alipokuwa akikusikiliza. Cherehani ya stima ikiendeshwa sawa hutoa sauti moja, kama posho mill ikisaga mahindi makavu, na yeye aliitaka sauti hiyo kutoka tunapofungua mpaka tunapofunga. Ikipanda kidogo anasema bila kugeuka, "Mama Brayo, huo mlima umetoa wapi, na Kawangware yote ni tambarare?" Ikishuka, anaita jina langu. Zilizokuwa zikishuka, mara nyingi, zilikuwa zangu.

Jina lake sitaliandika. Wabaya nitawataja, kwa sababu wamekaa miaka mingi bila kutajwa na wamenenepa. Yeye tulimwita Shosho, sote, hata wanawake waliokaribiana naye umri, hata sisi watu wa ziwani ambao kwetu nyanya haitwi hivyo. Baba yake alikuwa nani na ile ploti ya Kawangware waliipataje, sijui. Wakati wa kuuliza ulikuwapo na sikuuliza. Mimi nilimjua kwa masikio yake, kwa mdomo wake, na kwa namna alivyokula.

Alikula kama mtu anayengojewa na gari. Githeri ya mahindi na maharagwe ikitoka jikoni aliimeza ikiwa moto mpaka machozi yakamtoka, halafu anatutazama kana kwamba sisi ndio tunaochelewesha dunia. Barabara aliivuka bila kugeuza shingo, madereva wakimtukana na yeye akiwajibu kwa kiganja. Ukianza kumweleza habari, anaimaliza yeye, na mara nyingi anaimaliza vibaya. Wapangaji wake walikuwa wanaogopa kuteka maji akiwa amekaa kwenye kibaraza, kwa maana alikuwa akimtazama mwanamke anavyoinama bombani na kutangaza mimba hapo hapo. Kuna mwanaume mmoja wa ile ploti aliyejulishwa kwamba atakuwa baba akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, na aliyemwambia ni kinyozi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetufundisha spidi.

Tulikutana Soko la Toi. Mimi nilikuwa nachambua mitumba pale, nyumbani kwangu ni Gatwekera, darasa la nne ndilo nililoishia na mikono ndiyo elimu iliyobaki. Yeye alikuja kutafuta mashati ya wanaume, ya pamba, yaliyochanika. Mazima hakutaka. Alisugua kitambaa kwa vidole viwili, akanusa, akasema, "Hii ni pamba. Hii ni plastiki inajifanya." Nikaanza kumwekea yenye madoa na yenye kola zilizoliwa. Siku moja akaniuliza kama najua kushona, nikasema kidogo, na kabla sijamaliza kusema kidogo ni kiasi gani akaniambia nije kesho. Basi nikaanza kutembea. Natoka Gatwekera, navuka Ngong Road, nashika Naivasha Road mpaka kwake, na jioni narudi vivyo hivyo.

Chumba cha kushonea kilikuwa mbele ya ploti. Tulishona blanketi za viraka, zile za tabaka tatu: viraka juu, pamba katikati, shuka kuukuu chini. Kuviunganisha viraka ni kazi ya kila fundi. Kazi yenyewe ilikuwa ile ya kuzishika tabaka tatu pamoja kwa mishono inayochora maua na mawimbi juu ya blanketi zima, na hiyo sisi tuliiita kushona bila meno.

Chini ya sindano ya cherehani kuna meno madogo ya chuma. Ndiyo yanayouma kitambaa na kukisukuma mbele, hatua kwa hatua, na ndiyo yanayofanya mshono utoke sawa hata fundi akiwa anaongea na mteja. Shosho alitushushia hayo meno. Yakishuka, kitambaa hakina wa kukisukuma. Sindano inapanda na kushuka pale pale kama mtoto anayeruka kamba, na ni mikono yako sasa inayopeleka kitambaa mbele, nyuma, kando, popote unapotaka ua lipinde. Mguu uko kwenye pedali unaamua sindano ishuke upesi kiasi gani. Mikono iko juu inaamua kitambaa kiende upesi kiasi gani. Vikikubaliana, mishono inatoka kama punje za mchele. Visipokubaliana, kila mtu ataona.

Shosho mwenyewe meno ya mbele hakuwa nayo. Mama Brayo, Mluhya mmoja mcheshi aliyekaa cherehani ya mlangoni, alisema hiyo staili lazima mwenyewe aliianzisha baada ya meno yake kung'oka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Shosho, akituonyesha pengo lote.

Kosa tulilofanya sote mwanzoni ni kudhani kutawala spidi ni kwenda pole pole. Unakanyaga pedali kama unakanyaga yai, sindano inashuka moja, inafikiria, inashuka nyingine, na huku mikono imechoka kungoja inavuta kitambaa. Mshono unatoka kama wa gunia. Shosho alikuja juu. Pole pole ni ya kupika maharagwe, alisema. Halafu kuna wale wanaokanyaga mpaka chini kwa hofu, mashine inalia, uzi unarundikana chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Yeye alitaka katikati. "Shona kama mtu ameenda kuchota maji na mtungi bado ni mtupu," alituambia. "Si kama umekimbizwa na askari wa kanjo. Na si kama uko nyuma ya maiti."

Wapya aliwawekea kipande cha slipas chini ya pedali. Alikata ile slipas ya mpira iliyochakaa, akakipachika, na pedali haikuweza kushuka zaidi ya pale hata ukisimama juu yake. Siku zikienda anakiondoa anaweka chembamba zaidi. Mwishowe anakitoa kabisa na hakwambii, unasikia tu mguu umeshuka mahali ambapo haujawahi kufika. Wengine walitolewa upesi. Mimi nilikaa na slipas yangu mpaka waliokuja baada yangu wakawa wanashona bila. Nilikuwa naificha kwa sketi.

Kitu kingine alichokataza ni kutazama sindano. Sindano unaijua iko wapi, alisema, haitahama. Tazama kule unakoenda. Akikukuta umeikodolea macho anakushika kidevu kwa mkono wenye chaki na kukiinua. Mimi kidevu changu kilikuwa na chaki karibu kila siku.

Sasa nieleze kwa nini.

Mume wangu aliitwa Okumu. Bado anaitwa hivyo, yuko hai. Alikuwa kibarua wa mjengo, na alinipiga siku alizokosa mjengo kwa sababu amekosa, na siku alizopata kwa sababu amepata na amekunywa. Sitaeleza zaidi ya hapo. Wanawake wanaojua wanajua, na wasiojua hawahitaji kujifunzia kwangu. Nitaeleza tu aibu, kwa sababu hiyo ndiyo inayobaki baada ya uvimbe kushuka. Siku hizi kuna watu wanasema aibu si yako, aibu ni ya anayepiga. Hao hawajawahi kusimama kwenye foleni ya maji mwezi wa jua kali na leso imefungwa shingoni. Okumu alipita kwenye foleni hiyo hiyo akiwasalimia watu, kifua wazi. Kama aibu ilikuwa yake, basi aliisahau kwangu na hakurudi kuichukua.

Na ile kazi ya Shosho ilikuwa inaiandika.

Blanketi likimalizika, Shosho alikuwa akiligeuza. Juu unaweza kudanganya, alisema, chini hapana. Mishono mirefu inayoruka ni mahali ambapo mikono ilikimbia na mguu ukabaki nyuma: hapo ulishtuka. Midogo iliyorundikana mpaka ikafanya fundo ni mahali ambapo mikono ilisimama na mguu ukaendelea: hapo kuna kitu ulikuwa unawaza. Alitufanyia utani kwa hayo. Anapitisha kidole, anasema hapa Mama Brayo aliona kijana wa mandazi akipita, na Mama Brayo anakubali, anasema hata rangi ya shati lake anaikumbuka. Chumba kizima kinacheka. Mwanzoni na mimi nilicheka.

Halafu nikaanza kuona mishono yangu. Geti la ploti likipigwa na upepo, mikono yangu ilikimbia. Mwanaume akiinua sauti barabarani, ilikimbia. Mtu akitembea nyuma ya kiti changu na viatu vizito, mishono mitatu minne kama ya gunia. Na mafundo yalikuwa mengi zaidi. Nikawa nabaki ndani wenzangu wakitoka kula, natoa wembe, nafumua palipo pabaya na kupashona upya kabla hajageuza. Nilimwambia Mama Brayo nina vidonda vya tumbo, chakula cha mchana kinaniumiza.

Hapa inabidi niseme jambo moja juu ya Shosho, bila hilo hamtaelewa alichofanya. Kwenye ploti yake kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: mwanaume akimpiga mke, analala nje. Nilimwona kwa macho yangu akimtoa mtu mzima, fundi wa magari, mkono kama nguzo. Alisimama mlangoni kwa huyo bwana akapaza sauti mpaka ploti yote ikatoka, akamtajia alichofanya mbele ya watoto, mbele ya wauza mboga, na jamaa akabeba godoro lake akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Ilifanya kazi. Ilifanya kazi kila mara. Kwa hiyo Shosho aliamini kwamba ubaya ukitajwa kwa sauti mbele ya watu unafungasha na kuondoka. Hakufikiria kwamba yeye ndiye mwenye mlango. Mtu mwenye ploti akipiga kelele, nyuma ya kelele kuna kufuli. Mpangaji wa Gatwekera akipigiwa kelele, nyuma yake kuna nini?

Siku ile mvua ilikuwa inakuja na mteja alikuwa njiani kuchukua blanketi. Niliyekuwa na blanketi hilo ni mimi. Sikupata nafasi ya kufumua. Shosho akalivuta kutoka kwenye meza yangu, akalipeleka mlangoni penye mwanga, akaligeuza.

"Mama Achieng, hii ni nini?"

Nikasema uzi ulikuwa mbaya. Akasema uzi ni ule ule wa Mama Brayo. Nikasema macho yananisumbua siku hizi. Alikuwa ameanza kupitisha kidole, hapa, hapa, hapa tena, na uso wake ukaacha utani. Wenzangu walikuwa bado wanashona. Nilimwona anavyofungua mdomo na nilijua, kama vile unavyojua kikombe kitaanguka kabla hakijaanguka.

"Wewe unapigwa kwako," akasema.

Cherehani zote zikanyamaza. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ile ile ya kutangaza mimba bombani. Mama Brayo akasema, "Shosh, wacha tumalize kazi," lakini Shosho alikuwa keshashika njia, anasema huyo bwana aletwe hapa, atamwambia yeye mwenyewe, mwanaume gani huyo, na mimi nimeshika leso shingoni kwa mikono miwili kama mtu anayeoga aliyefunguliwa mlango. Niliomba mvua ianze. Ilichelewa.

Kulikuwa na mwanamke anaitwa Rispa, aliyekaa cherehani ya dirishani. Jioni alikuwa anauza omena nje ya baa moja ya Kisumu Ndogo, karibu na kwangu, baa ambayo Okumu alinywea. Kabla giza halijaingia wanaume pale baa walikuwa wanamwuliza Okumu kama ni kweli kwamba huko Kawangware mke wake anasomwa mgongo kama gazeti. Rispa, sasa umetajwa.

Okumu alinivunja mkono wa kushoto hapa kwenye kifundo. Alisema napeleka siri za nyumba yake kwa wenye ploti. Ndugu yake Ouma alisimama mlangoni, mgongo kwenye mbao, ili mtu asiingie, lakini hakukuwa na mtu aliyetaka kuingia. Upande wa kulia waliongeza sauti ya redio. Upande wa kushoto nao wakaongeza yao. Asubuhi akaja Pasta Zablon, akakaa kwenye kiti changu cha pekee, akasema mke ni nguo ya mume, na nguo haisimulii watu mwili una vidonda wapi. Binti yangu Achieng alikuwa hapo akisikiliza. Pasta akaomba chai na nikamchemshia kwa mkono mmoja.

Nilirudi kazini mkono ukiwa kwenye plasta. Nilimwambia Shosho nimegongwa na nduthi, hizi pikipiki za abiria.

Huyu ni mtu aliyeuliza kila kitu. Angetaka kujua nduthi ya nani, stage gani, jamaa alitoroka au alikamatwa, rangi yake. Alitazama plasta, akanipa mgongo, akashika makasi. Nilikaa nyuma yake nikingoja. Hakukata kitu, makasi yalikuwa wazi tu. Halafu akasema kwa haraka zake, "Kuna nyumba imebaki wazi huko nyuma. Leta mtoto." Nikaenda nikamleta Achieng na mfuko mmoja. Okumu alikuja getini mara moja, na Ouma wake, wakamkuta Shosho amekaa kwenye stuli katikati ya geti anakula githeri. Sijui aliwaambia nini, nilikuwa nimejifungia. Hawakurudi.

Baadaye Okumu alienda kwao, akaoa, na nasikia ni mzee wa kanisa. Andikeni hilo pia.

Mkono ulipona vibaya, ukapinda. Kwa kushona kwa kawaida haingekuwa neno, lakini bila meno unahitaji mikono miwili yenye nguvu sawa, na huu wangu uliteleza juu ya kitambaa. Shosho akanunua glavu za mjengo, zile zenye mpira kiganjani, akakata vidole, akaniambia nivae. Zilishika. Nikajifunza upya kama mtoto, nikawa nashona vizuri kuliko nilivyoshona nikiwa mzima, na huo ni ukweli ambao sijawahi kuupenda.

Tuliishi hivyo miaka. Mimi nyuma ya ploti, yeye mbele. Alimfundisha Achieng kusuka vikapu na kutukana kwa Kikuyu. Nikiumwa aliniletea uji ukiwa moto wa kuunguza. Nilipochelewa kurudi kutoka Toi alinigombeza mbele ya wapangaji wote. Na jambo lile hatukuligusa hata kwa kidole. Ila kulikuwa na badiliko moja ambalo nililiona na kujifanya sijaliona: hakugeuza tena blanketi la mtu mbele ya watu. Alilichukua nyumbani kwake, akafunga mlango, na akirudi anakuita pembeni. Kwa mambo mengine yote mdomo ulibaki ule ule. Mimba aliendelea kuzitangaza.

Kwa hiyo labda alijua. Na labda hakujua, labda ni macho tu yalikuwa yanazeeka na alitaka taa nzuri. Mimi nilikaa katikati ya hizo mbili. Kuna siku alicheka na lile pengo lake na nikamchukia ghafla, nikamwona mlangoni na blanketi langu limefunuliwa, nikainama nikajifanya nabadilisha uzi. Halafu ananiletea glavu mpya, na naona aibu kwa kumchukia mtu aliyenipa nyumba. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: ajue. Ajue kwamba aliniumiza akijaribu kunitoa, na aseme. Na kitu nilichoogopa kuliko vyote ni hicho hicho. Kwa maana kama angesema, ingebidi nikubali kwamba hapakuwa na nduthi, na kwamba miaka hiyo yote nilipokuwa nakaa mbele yake nimenyoosha shingo, alikuwa anaona leso.

Achieng alipoolewa nilihamia Kabiria, si mbali. Cherehani ninayo. Shosho akashikwa na ile ya kupooza upande mmoja, ikamlaza. Mtoto wake wa kiume amebomoa chumba cha kushonea, anajenga ghorofa. Nikasikia hasemi vizuri, nikasema nitaenda Jumamosi, nikaacha Jumamosi kadhaa zipite. Mwezi uliopita nikaenda.

Nilimkuta ameinuliwa kwa mito. Amepungua. Mke wa mtoto wake akaniletea chai, akaniambia niongee taratibu kwa sababu Shosho anachelewa kujibu sasa, na hilo lilinishinda kulisikia kuliko kumwona amelala. Tukakaa. Alitazama mkono wangu. Nikaushusha.

Sijui ningesema kitu au la. Hatutajua, kwa sababu hapo wakaingia wamama wa kanisa lake, vitambaa vyeupe kichwani, wamekuja kumwombea. Chumba kikajaa. Nikasimama niwaachie nafasi, na Shosho akanishika sketi kwa mkono ule mzima.

"Ngoja kwanza," akawaambia wale wamama. Ulimi ulikuwa mzito, kila neno lilitoka peke yake. "Kabla muombe. Huyu mnamwona?"

Wakasema wananiona.

"Mkono yake ilivunjwa. Si nduthi. Mimi nilisema maneno yake mbele ya watu, akaenda akavunjwa."

Nilisikia joto lile la zamani likipanda kutoka kifuani, nikiwa mwanamke wa umri huu, nina wajukuu. Wote wakatazama mkono na mimi nikauingiza chini ya leso. Baada ya miaka hii yote, alikuwa amefanya vile vile. Mbele ya watu nisiowajua, na chai mkononi. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, akaniuliza, "Ni ukweli, mama?"

Nduthi ilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Nimeitumia miaka mingi, imelainika, ingetoka yenyewe. Nikamtazama Shosho. Nilitegemea kumkuta ananitazama mimi, lakini alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa na kitu ninachokijua vizuri, kwa sababu nimekibeba mimi mwenyewe kwenye foleni ya maji. Sikufurahi kukiona. Nilidhani ningefurahi.

"Aliyenivunja anaitwa Okumu," nikasema. "Alikuwa mume wangu. Ouma ndugu yake alishika mlango." Halafu nikamwambia yeye, si wao, "Wewe ulisema tu, Shosh."

Ilimchukua muda.

"Nilisema haraka," akasema.

Sikumpinga. Alikuwa amesema haraka. Nikakaa tena kitandani, karibu na miguu yake, na wale wamama wakashikana mikono wakaanza. Waliombea ulimi wake na upande wake uliolala. Waliombea nyumba na mtoto anayejenga. Halafu, kwa kuwa nililiacha jina lile pale katikati ya vikombe, mwenyekiti akaliokota. Akamwomba Mungu amguse Okumu popote alipo, amsamehe makosa yake, amwongezee siku.

Wote wakaitika amina. Mimi sikuitika. Nikasikiliza upande wa mito, na Shosho naye alikuwa kimya.